Sura ya Tano: Karatasi za Gwendolyn

Cheti cha kuzaliwa cha Natasha Trethewey kina nafasi mbili za kujaza rangi ya wazazi. Kwa mama, karani aliandika kwamba ni mtu wa rangi, kama Weusi walivyoandikwa wakati ule katika majimbo ya Kusini mwa Marekani. Kwa baba aliandika kwamba ni Mkanada. Baba, Eric Trethewey, alikuwa kweli amezaliwa Nova Scotia, lakini hakuna rangi iitwayo Mkanada. Eric alikuwa Mzungu, na karatasi ya serikali ya jimbo la Mississippi ikapita kando ya neno hilo.

Kulitaja kungekuwa kukiri kosa la jinai. Mississippi ilikataza ndoa kati ya Mzungu na Mweusi. Eric na Gwendolyn Ann Turnbough, waliokutana chuoni Kentucky, walivuka mto mwaka 1965 wakaenda kufunga ndoa Cincinnati, Ohio, ambako sheria iliwaruhusu, kisha wakarudi kuishi mahali ambapo ndoa yao haikutambuliwa. Mtoto wao alizaliwa Gulfport, mji wa pwani ya Mississippi, tarehe 26 Aprili 1966, katika wodi ya Weusi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kuzifuta sheria za aina hiyo tarehe 12 Juni 1967, katika kesi ya Loving dhidi ya Virginia. Natasha alikuwa ameshaanza kutembea.

Na siku yenyewe aliyozaliwa haikuwa siku ya kawaida. Tarehe 26 Aprili watu wa Kusini walikuwa wakiwakumbuka askari wao waliokufa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, vita vya 1861 hadi 1865 ambavyo majimbo ya Kusini yalipigana ili yajitenge na kuendelea na utumwa. Mwaka huo kumbukumbu ilikuwa inatimiza miaka 100 tangu ianze kuadhimishwa. Bibi wa mtoto, akienda hospitali kumwona mjukuu, alipita katika mji uliopambwa kwa bendera za jeshi lililopigana ili watu kama yeye wabaki watumwa. Baba, ambaye siku hizo alikuwa akisoma *Vita na Amani* ya Tolstoy, alimpa mtoto jina la msichana wa ndani ya riwaya hiyo.

Nimeanza na cheti hicho kwa sababu kazi yote ya Trethewey, kwa jinsi ninavyoisoma, ni shauri analotoa dhidi ya kumbukumbu zilizoandikwa na wengine: vyeti, mabango ya kihistoria, picha za studio, majalada ya mahakama. Anauliza ni nani aliyeshika kalamu, ni nani aliyeachwa nje, na aliyeachwa nje angeandika nini kama karatasi ingekuwa mikononi mwake. Swali hilo lilimpatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 2007 na kiti cha Mshairi Mkuu wa Marekani mwaka 2012. Lilimpeleka pia, akiwa mtu mzima, kwenye kurasa 12 alizoziacha mama yake.

Utoto wake wa mwanzo aliuishi North Gulfport, mtaa wa Weusi, kwenye nyumba ya bibi yake mzaa mama, Leretta Dixon Turnbough, kando ya Barabara Kuu Namba 49. Mkabala na nyumba hiyo lilikuwapo kanisa la Mount Olive Baptist. Usiku mmoja Natasha akiwa bado mchanga, wanaume wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu lililowatisha Weusi, walichoma msalaba kwenye njia ya kuingilia nyumbani hapo. Familia haikuwahi kujua kwa hakika ujumbe ule ulikuwa wa nani. Huenda ulikuwa wa kanisa, lililokuwa likisaidia Weusi kujiandikisha kupiga kura. Huenda ulikuwa wa mume Mzungu na mke Mweusi waliolala ndani na mtoto wao.

Kisa hicho alikuja kukiandikia shairi liitwalo "Incident", na umbo alilolichagua linastahili kuangaliwa kwa karibu. Ni pantoum, umbo ambalo asili yake ni pantun ya Wamalai, ng'ambo ya bahari yetu hii hii ya Hindi. Kila ubeti una mishororo minne. Mshororo wa pili na wa nne wa ubeti mmoja hurudi kuwa wa kwanza na wa tatu wa ubeti unaofuata, hadi mwisho, ambapo shairi hurudia pale lilipoanzia. Anayelisoma hawezi kusonga mbele bila kurudishwa nyuma nusu ya njia. Hivyo ndivyo familia inavyosimulia jambo la kutisha lisilo na jibu: mwaka baada ya mwaka maneno ni yale yale, yakiongezeka kidogo hapa na kupungua kidogo pale. Mshairi hakuhitaji kueleza kwamba hofu ile haikuwatoka watu wa nyumba ile, kwa kuwa umbo la shairi limekwisha kulisema hilo.

Wazazi waliachana Natasha akiwa na umri wa miaka sita. Mama akahamia naye Atlanta, jimbo la Georgia, akasomea kazi ya ustawi wa jamii, akaanza maisha. Huko aliolewa tena na mwanamume aliyekuwa amepigana Vietnam, wakapata mtoto wa kiume. Jina la mwanamume huyo limo kwenye kumbukumbu za mahakama na sina haja ya kuliandika hapa. Alimtesa mtoto wa kambo mama asipokuwapo, na alimpiga mke wake.

Mama alimnunulia Natasha shajara yenye kufuli dogo. Baba wa kambo akalifungua kufuli na kusoma. Msichana alipogundua, hakuificha wala hakuacha kuandika. Alianza kumwandikia yeye moja kwa moja, humo humo kwenye shajara, kumwambia kwamba anajua anachokifanya na kwamba anamfahamu ni mtu wa namna gani. Yule mtu hakuwa na la kufanya, maana kujibu kungekuwa kukiri kwamba amesoma. Trethewey amesema kwamba msomaji wake wa kwanza alikuwa mtu huyo, na kwamba hapo ndipo alipoanza kuwa mwandishi. Namwamini kabisa. Mtoto asiyeweza kuinua sauti ndani ya nyumba alipata ukurasa ambao adui yake alilazimika kuusoma akiwa kimya.

Gwendolyn aliondoka kwenye ndoa hiyo. Alikwenda na watoto kwenye makazi ya wanawake wanaokimbia vipigo, akapata talaka, akapanga nyumba yake. Mume huyo wa zamani alikwenda siku moja kwenye uwanja wa mpira wa shule ya Natasha, ambako msichana alikuwa pembeni ya uwanja na wenzake wa kikundi cha kushangilia. Natasha alimwona amekaa jukwaani, akampungia mkono na kumwamkia. Baadaye alikuja kujua kwamba alikuwa amekuja kumuua ili amkomoe mama yake, na kwamba salamu ile ndiyo iliyomzuia. Mwaka 1984 mtu huyo alijaribu kumuua Gwendolyn, akafungwa kwa muda mfupi, akatoka. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1985 alimpiga risasi akamuua, kwenye makazi yake kando ya barabara iitwayo Memorial Drive. Gwendolyn alikuwa na umri wa miaka 40. Binti yake alikuwa na 19, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Georgia.

Barabara hiyo ya Memorial Drive inaelekea Stone Mountain, mlima wa jiwe tupu ambao ubavuni mwake wamechongwa viongozi watatu wa upande wa Kusini katika vita vile: Jefferson Davis, Robert E. Lee na Stonewall Jackson, wakiwa juu ya farasi. Kazi ya kuuchonga ilikamilika mwaka 1972. Hakuna mchongo wa aina yake duniani unaoupita kwa ukubwa. Mwanamke Mweusi aliuawa umbali mdogo tu kutoka hapo, akazikwa kwao Gulfport, na kaburi lake likakaa miaka mingi bila hata jiwe lenye jina.

Baada ya mauaji hayo Trethewey aliihama Atlanta na kuazimia kutorudi. Alimaliza shahada ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1989, akasoma uzamili Hollins, Virginia, mahali alipokuwa akifundisha baba yake, kisha akasomea ushairi Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, akamaliza mwaka 1995. Baba naye alikuwa mshairi. Tangu utotoni alimwambia binti yake kwamba itambidi awe mwandishi kwa sababu ya maisha aliyozaliwa ndani yake.

Kitabu chake cha kwanza, *Domestic Work*, kilitoka mwaka 2000. Mshairi Rita Dove ndiye aliyeuchagua mswada huo kuwa mshindi wa kwanza wa tuzo ya Cave Canem, jumuiya ya washairi Weusi iliyoanzishwa mwaka 1996 na Toi Derricotte na Cornelius Eady. Humo kuna bibi Leretta, aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba za Wazungu, akafanya kazi kwenye kiwanda cha mapazia, kisha akawa fundi cherehani nyumbani kwake. Mwaka 2002 kikaja *Bellocq's Ophelia*. Mpiga picha E. J. Bellocq alikuwa amewapiga picha, mnamo 1912, wanawake waliokuwa wakiuza miili yao katika mtaa wa Storyville, New Orleans. Trethewey alimbuni mmoja wao, mwanamke mwenye ngozi nyeupe lakini wa nasaba ya Weusi, akampa jina Ophelia na kumwandikia barua na shajara. Mwishoni Ophelia anajifunza kutumia kamera mwenyewe. Ni kitabu kizuri na chenye adabu, ingawa kwangu mimi bado kinamweka mwandishi mbali na jeraha lake. Analitazama kupitia mwanamke mwingine, wa wakati mwingine.

Umbali huo ukakatika katika *Native Guard*, kitabu cha mwaka 2006. Ili kukielewa lazima twende kwanza kisiwani.

Ship Island kiko baharini mkabala na Gulfport. Trethewey alikwenda huko mara nyingi utotoni kwa boti ya watalii, akazunguka kwenye ngome ya matofali, Fort Massachusetts, akasoma bango lililowekwa na jumuiya ya mabinti wa wapiganaji wa Kusini. Bango liliorodhesha majina ya askari wa Kusini waliofungwa hapo wakati wa vita. Halikusema neno juu ya waliowalinda. Alikuwa ameshakuwa mtu mzima, akila na bibi yake kwenye mkahawa mmoja wa Gulfport, mwanamke wa meza ya jirani aliposikia mazungumzo yao akamwambia kwamba kuna jambo jingine la kisiwa kile anapaswa kulijua. Waliokuwa wakiwalinda wafungwa wale walikuwa askari Weusi.

Walikuwa ni Louisiana Native Guards. Jeshi la Muungano, yaani la upande wa Kaskazini, lilipouteka mji wa New Orleans mwaka 1862, kikosi chao cha kwanza kiliapishwa Septemba mwaka huo, miongoni mwa vikosi vya kwanza rasmi vya Weusi katika jeshi hilo. Wengi wao walikuwa wametoka utumwani karibuni. Kikosi cha pili kilipelekwa Ship Island Januari 1863. Miongoni mwa maofisa wake alikuwapo Meja Francis E. Dumas, mtu huru wa nasaba ya Weusi aliyekuwa amerithi watumwa, akawaacha huru na kuwaingiza jeshini. Tarehe 9 Aprili 1863 askari hao walivuka kwenda kupigana Pascagoula, bara ya Mississippi. Wakiwa wanarudi nyuma, mizinga ya manowari ya upande wao wenyewe iliwafyatulia. Mwezi uliofuata, huko Port Hudson, Jenerali Nathaniel Banks aliwaacha askari Weusi waliokufa walale pale pale walipoangukia. Mshahara wa askari Mweusi ulikuwa dola 10 kwa mwezi, tatu zikikatwa kwa ajili ya sare, wakati mwenzake Mzungu alipata 13.

Ndani ya historia hii Trethewey alimweka mtu mmoja wa kubuni, askari aliyekuwa mtumwa, anayejua kusoma na kuandika. Wafungwa Wazungu wasiojua kuandika wanamtegemea awaandikie barua za kwenda kwa wake zao. Mfikirie mtu huyo, aliyeumizwa na watu wa aina ile, akikaa karibu na mfungwa, akisikiliza maneno yake ya mapenzi, akiyapanga vizuri kuliko yeye mwenyewe angeweza. Naye ana shajara. Shajara hiyo aliiokota kwenye nyumba iliyokimbiwa na Mzungu wa Kusini, na kurasa zake zilikuwa zimeshaandikwa. Kwa hiyo anaigeuza na kuandika kwa kukatiza mistari ya mwenye nyumba, kama watu wa karne ile walivyofanya karatasi zilipoadimika. Kila ukurasa sasa una mikono miwili, wa aliyemiliki na wa aliyemilikiwa, na hakuna anayeweza kusoma mmoja bila kuuona mwingine. Katika ushairi wa Marekani wa miaka hii sijui picha inayoieleza historia ya nchi ile kwa usahihi kuliko hiyo.

Shairi la askari huyo lina soneti 10 zisizo na vina. Mstari wa mwisho wa kila soneti unarudi, umebadilishwa kidogo, kuwa wa kwanza wa inayofuata, na maneno yaliyoifungua ya kwanza ndiyo yanayoifunga ya mwisho. Msomaji wa Kiswahili hataona ugeni hapo, kwa sababu washairi wetu wanalo pindu, ambapo kipande kinachomaliza ubeti ndicho kinachoanza ubeti wa pili. Huko Ship Island umbo hilo lina kazi ya pekee. Tarehe zinasonga kutoka 1862 hadi 1865, vita vinakwisha, lakini hakuna jambo lililosemwa linaloachwa nyuma. Kila linalomalizwa linabebwa kwenda kwenye ukurasa unaofuata.

Jambo ambalo wengi hulipitia haraka ni mpangilio wa kitabu chenyewe. Shairi la askari liko katikati. Sehemu ya kwanza ni maombolezo ya Gwendolyn, ambaye kitabu kimetabarukiwa kwa kumbukumbu yake. Sehemu ya tatu ni utoto wa mshairi Mississippi, ndoa ya wazazi iliyokatazwa, msalaba uliowaka. Askari wasio na bango na mama asiye na jiwe wamezikwa katika kitabu kimoja. Trethewey ameeleza kwamba alianza kuandika juu ya askari wale akidhani ni historia tu. Ndipo akatambua kwamba naye hajamjengea mama yake kumbukumbu yoyote.

Humo mna shairi liitwalo "Graveyard Blues", lililojengwa kwa mtindo wa nyimbo za bluzi, linalosimulia siku ya maziko. Linamalizikia kwenye jiwe la kaburi la mama. Jiwe hilo halikuwapo. Aliliweka kwenye shairi kwa sababu shairi lilitaka kumalizikia hapo, na baadaye akasema wazi kwamba uongo ule ulimkera. Ikambidi aandike shairi jingine, "Monument", ambamo anawatazama sisimizi wakichimba na kupandisha udongo, na kukumbuka kaburi lililoachwa bila kutunzwa. Mashairi yote mawili yamo kitabuni. Mwandishi mwingine angelifuta la kwanza. Yeye aliliacha lilivyo, akaweka la pili limsahihishe, msomaji akiona. Nauheshimu uamuzi huo kuliko tuzo zote alizopewa.

Pulitzer ilipotangazwa Aprili 2007 alikuwa bado na umri wa miaka 40, umri ule ule mama yake aliofia.

Wakati huo alikuwa ameshavunja azimio lake la kutorudi Atlanta. Mwaka 2001 alikuwa amechukua kazi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Emory, kilichomo katika jiji hilo hilo, na makazi yake hayakuwa mbali na mahakama iliyosikiliza kesi ya mauaji. Mwaka 2005, miaka 20 baada ya kifo, mtu aliyekuwa polisi wa kwanza kufika siku ya mauaji alimtambua, akamwambia kwamba majalada ya kesi yanakaribia kuondolewa kwa kuwa muda wa kuyatunza umekwisha. Akamsaidia kuyapata. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, kimbunga Katrina kiliipiga Gulfport, kikaharibu sehemu kubwa ya mji wa utoto wake. Mdogo wake wa kiume alipoteza nyumba za kupangisha alizokuwa akiziegemea, akaishia gerezani kwa kusafirisha dawa za kulevya. Hayo aliyaandikia kitabu kingine, *Beyond Katrina*, mwaka 2010.

Majalada yale yalikaa miaka kabla hajaweza kuyafanyia kazi. Kitabu kilichotokana nayo, *Memorial Drive*, kilitoka mwaka 2020. Ni nathari, ni kumbukumbu za binti, na ndani yake zimo karatasi za Gwendolyn. Zile kurasa 12 aliziandika kwa mkono wake, kwenye karatasi za njano zenye mistari, akieleza kwa utaratibu maisha ya ndoa ile, vitisho, jinsi alivyojipanga kuondoka na jinsi alivyoondoka. Vilevile mna maandishi ya mazungumzo ya simu ya siku za mwisho, yaliyorekodiwa ili polisi wapate ushahidi wa kumkamatia mtu huyo. Mwanamume anazunguka pale pale: anabembeleza, anatisha, anabembeleza tena. Gwendolyn anajibu kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wagonjwa, hampi anachokitaka na hamkasirishi, anavuta muda. Msomaji anajua muda uliobaki ni kiasi gani.

Trethewey ameziweka karatasi hizo bila kuzikatiza. Hafafanui, haongezi sifa, hamsemei mama yake. Mshairi aliyewaandikia shajara Ophelia na askari wa Ship Island, kwa kuwa wao hawakuacha karatasi zozote, safari hii alikuwa na karatasi halisi mkononi, akanyamaza. Nimevisoma vitabu vingi vya watoto waliofiwa na wazazi wao, na ni vichache sana ambavyo mwandishi amekubali kusimama kando kiasi hicho.

Lipo jambo la pili ambalo kurasa zile zinalithibitisha, na sitaki lipotee kwenye sifa za ufundi. Gwendolyn alifanya kila kitu ambacho mwanamke anayepigwa huambiwa akifanye. Alisema. Aliondoka. Alitafuta hifadhi, akaenda mahakamani, akashirikiana na polisi, akarekodi simu, akaandika tarehe na matukio. Watu huuliza kwa nini wanawake hawaondoki. Huyu aliondoka, na akauawa kwa sababu aliondoka. Swali linawahusu waliokuwa na mamlaka ya kumlinda.

Kuhusu baba, Trethewey aliandika *Thrall*, mwaka 2012, na kusema kweli ni kitabu kigumu zaidi kukipenda kati ya vitabu vyake. Sehemu kubwa inahusu michoro ya Mexico ya enzi ya ukoloni wa Kihispania, ambayo ilipanga watoto wa machotara kwa madaraja kufuatana na damu ya wazazi. Mara nyingine mchoro unamziba mshairi. Lakini mashairi ya yeye na baba yake yamesimama imara. Katika mojawapo wamekwenda pamoja Monticello, nyumba ya Rais Thomas Jefferson, aliyemiliki watumwa na kuzaa na mmoja wao, Sally Hemings, na kila mmoja anaisikia ziara ile kwa masikio yake. Binti anampenda baba, na anaona kwamba hata huyo baba msomi, mshairi, aliyevuka jimbo ili amuoe Mweusi, hakuokoka kabisa na mawazo ya kale juu ya damu. Aliyasoma mashairi hayo hadharani baba akiwa hai. Eric Trethewey alifariki mwaka 2014.

Uteuzi wa kuwa Mshairi Mkuu ulitangazwa Juni 2012 na James Billington, mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Alikuwa wa 19 kushika nafasi hiyo, na Mmarekani Mweusi wa kwanza kuishika tangu Rita Dove, aliyeanza mwaka 1993. Cheo hicho hakina jukumu la kumtungia rais mashairi. Posho yake, wakati huo dola 35,000 kwa mwaka, ilitoka kwenye fungu lililoachwa na tajiri Archer Huntington. Trethewey alihamia Washington akakaa kwenye ofisi ya ushairi ya maktaba hiyo na kupokea wananchi waliotaka kumwona. Katika muhula wa pili alizunguka nchi na mwandishi wa televisheni Jeffrey Brown, kwa vipindi vya PBS vilivyotafuta mahali ambapo ushairi unaishi. Walikwenda Brooklyn, ambako wazee wenye maradhi ya kusahau walikuwa wakitungiana mashairi, wakaenda kwenye madarasa ya Detroit, na kwenye mahabusu ya vijana Seattle. Mtu aliyejifunza kuandika ndani ya shajara iliyovunjwa kufuli hakuwa mgeni kwa vijana wale.

Tangu 2017 anafundisha Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Mwaka 2024 alitoa kitabu kifupi, *The House of Being*, kinachorudi kwenye nyumba ya bibi kando ya Barabara Kuu Namba 49 na kueleza kwa nini anaandika.

Anayetaka kumsoma aanze na *Native Guard*, akisome kwa mpangilio wake kuanzia ukurasa wa kwanza, bila kurukia shairi la askari kwa sababu ndilo maarufu. Baada ya hapo achukue *Memorial Drive*. Kitamuuma, na akifika kwenye mazungumzo ya simu atatamani kuruka. Asiruke. Gwendolyn Ann Turnbough aliandika ili asomwe na watu waliopaswa kumsaidia, na sisi tumechelewa, lakini bado tunaweza kumsoma.